Kufuli Humchelewesha Mwivi, Jirani Humzuia

Mashauri kwa watu wa Kondele na kwa kila mwenye nyumba

Mtu atokaye katikati ya mji wa Kisumu kwa barabara ya Kakamega hupita kwanza hospitali kubwa ya Jaramogi Oginga Odinga, ambayo wenyeji wengi huiita Russia kwa kuwa ilijengwa kwa msaada wa Urusi ya Kisovieti na kufunguliwa mwaka 1969. Akiendelea mbele hufika Kondele. Hapo barabara hukutana, magari hupita juu ya daraja na chini yake, na biashara haikomi jua likuchwapo. Pembeni mwa njia hizo, na upande wa Manyatta, ziko nyumba nyingi za kupangisha ambazo watu huziita ploti. Aghalabu ploti ni vyumba kadhaa katika mstari mmoja, chini ya paa moja la mabati, na bomba la maji na choo ni vya watu wote.

Katika ploti kama hizo watu hukaa karibu karibu, lakini si wote wajuanao. Mmoja hufanya kazi usiku na kulala mchana, na mwingine hutoka alfajiri kwenda ufukoni kununua samaki. Mmoja alihamia juzi, na mwingine atahama mwisho wa mwezi. Hali hiyo mwivi huipenda sana. Hahitaji giza kubwa wala ukuta mbovu. Ahitaji tu mahali ambapo mtu asiyejulikana aweza kubeba televisheni mchana, na kila amwonaye akadhani kwamba ni mpangaji anayehama.

Wazee husema kwamba siku za mwivi ni arobaini. Maneno hayo ni ya kweli, lakini hayamfariji sana mtu aliyeibiwa siku ya kwanza. Makala hii yaeleza jinsi watu wa mtaa wawezavyo kuzipunguza siku hizo, kwa mlango, kwa macho, kwa alama na kwa sheria, wala pasiwe na damu ya mtu katika jambo hilo.

UJUZI WA ZAMANI

Kulinda nyumba si jambo jipya katika nchi hii ya ziwani. Katika boma la Kijaluo la desturi, ua wa minyaa, mti ambao Wajaluo huuita ojuok, ulizunguka nyumba zote. Njia ya kuingilia ilikuwa lango moja, na vijana wa kiume walijengewa nyumba zao karibu na lango hilo. Kwa hiyo mgeni hakuweza kufika kwa mama na watoto, wala kwa ng'ombe, asipopita kwanza mbele ya vijana wenye nguvu.

Mfano mkubwa zaidi ni Thimlich Ohinga, katika kaunti ya Migori. Watu wa zamani, yapata karne ya 16, walijenga huko kuta za mawe yaliyopangwa bila udongo wala saruji. Kuta hizo zina urefu wa mita 1 na nusu hadi mita 4 na nusu kwenda juu, na milango yake ni myembamba na mifupi, hata mtu hana budi kuinama apitapo. Mtu aliyeinama hawezi kupigana vizuri, na mlinzi aliye ndani humwona kwanza. Mwaka 1 uliopita hauwezi kujenga kazi kama hiyo, wala mtu mmoja hawezi. Ilikuwa kazi ya watu wengi waliokubaliana. Mwaka 2018 shirika la UNESCO liliandika mahali hapo katika orodha ya urithi wa ulimwengu.

Katika mifano hiyo miwili lipo fundisho moja. Ua na ukuta vilimchelewesha adui, lakini aliyemzuia ni mtu aliyekuwa karibu, macho yakiwa wazi. Ploti ya Kondele haina ua wa minyaa wala vijana wa lango. Wapangaji wake wametoka katika maboma mbalimbali, na wengine katika makabila mbalimbali. Kwa hiyo ulinzi ambao zamani ulikuja kwa ujamaa, siku hizi lazima uje kwa mapatano.

MWIVI HUCHAGUA SAA YAKE

Watu wengi hufikiri kwamba mwivi ni mtu wa usiku wa manane. Sheria ya Kenya yatambua nyakati zote mbili. Kanuni ya Adhabu, yaani Sura ya 63 ya sheria za nchi, husema kwamba usiku ni tangu saa 12 na nusu jioni mpaka saa 12 na nusu asubuhi. Mtu avunjaye nyumba mchana kwa nia ya kutenda kosa kubwa aweza kufungwa miaka 7, na avunjaye usiku aweza kufungwa miaka 10. Adhabu ya usiku ni kubwa zaidi kwa sababu wakati huo watu wamelala na hawawezi kujitetea.

Lakini mchana ndio wakati nyumba ziko tupu. Mwivi hutazama ni saa ngapi mwenye chumba huenda kazini, watoto huenda shule, na mama huenda sokoni. Zaidi ya hayo, ziko siku ambazo kila mtu ajua kwamba nyumba haina mtu. Mwezi wa Desemba watu wengi hufunga vyumba na kwenda makwao mashambani kwa Krismasi. Siku ya maziko jamaa wote husafiri, na habari ya msiba hutangazwa mbali ili watu wapate kuja. Mwivi naye huisikia. Katika majira ya mvua, matone yapigayo mabati hufanya kelele nyingi hata mlango wavunjwa na aliye chumba cha pili hasikii.

Kwa sababu hiyo, aendaye safari asitangaze siku ya kuondoka kwake barabarani wala katika simu, mahali ambapo watu wasiomjua wasoma. Bali amwambie jirani mmoja au wawili awaaminio, awaachie namba ya simu yake, na kuwaomba wawashe taa jioni na kuzima asubuhi.

MLANGO, DIRISHA NA PAA

Wako watu wanunuao kufuli kubwa ya bei kubwa na kuitia katika mlango wa mbao nyepesi. Mwivi hashindani na kufuli. Hutia mtaimbo nyuma ya kile chuma kishikacho kufuli, na misumari mifupi hutoka mara moja, kufuli ikibaki nzima. Basi, kabla ya kununua kufuli, mwenye chumba autazame mlango wenyewe. Vyuma vishikavyo kufuli vifungwe kwa bolti zipitazo mbao mpaka upande wa ndani, na nati zikazwe huko ndani. Bawaba zisiwe nje mahali ambapo pini zake zaweza kung'olewa. Fremu ya mlango ishikwe vizuri na ukuta, kwa maana mlango imara katika fremu iliyolegea ni kazi bure.

Tena, kufuli ining'iniayo nje ya mlango humwambia kila apitaye kwamba ndani hamna mtu. Kitasa kilichotiwa ndani ya mlango hakisemi neno. Mwivi hawezi kujua kama mwenyewe amelala au ametoka. Mtu awezaye kutumia vyote viwili na atumie. Usiku, aliye ndani afunge komeo hata kama kitasa kimefungwa kwa ufunguo.

Mpangaji mpya asikubali kuishi na kufuli aliyoikuta. Hajui ni funguo ngapi zilizochongwa, wala ni wapangaji wangapi wa zamani walioondoka nazo. Gharama ya kufuli mpya ni ndogo kuliko ya vyombo vya nyumba nzima.

Madirisha nayo yana hila yake. Joto la Kisumu huwafanya watu wengi kulala madirisha yakiwa wazi, na mwivi huja na fito ndefu yenye ndoano, akavuta suruali iliyo kitini, na mkoba, na simu iliyo mezani, bila kuingiza hata kidole. Wengine hudhani kwamba huo si uvunjaji. Sheria yasema wazi kwamba mtu amehesabiwa kuwa ameingia mara sehemu yo yote ya mwili wake, au ya chombo akitumiacho, iwapo ndani ya jengo. Hata kusukuma mlango uliorudishwa tu, bila kufungwa, ni kuvunja. Hata hivyo, sheria hairudishi simu usiku uo huo. Dirisha litiwe vyuma, na juu ya vyuma wavu wa chuma wenye matundu madogo, ambao huzuia ndoano na kupitisha upepo. Wavu wa mbu ukiwekwa juu yake, kazi mbili zimefanywa kwa pamoja. Vitu vya thamani visiachwe mahali ambapo vyaonekana kutoka nje.

Katika ploti nyingi kuta zigawanyazo vyumba hazifiki mpaka paani. Mwivi akiisha ingia katika chumba kimoja kilicho tupu, huweza kupanda ukuta na kushuka katika cha pili, mlango wa pili ukiwa umefungwa kufuli. Jambo hilo mpangaji hawezi kulitengeneza peke yake. Wapangaji na waende kwa mwenye ploti wote pamoja, wamwombe ainue kuta hizo au aziwekee wavu wa chuma. Aonaye gharama na akumbuke kwamba ploti yenye sifa ya wizi hukosa wapangaji wazuri. Mabati nayo yakaguliwe kila mwaka, kwa maana msumari uliolegea huitwa mlango na mwivi.

Akaaye nyumba ya udongo ajue kwamba wevi hutoboa ukuta chini, hasa baada ya mvua kuulainisha. Mstari wa mawe au matofali chini ya ukuta, na paa litokezalo nje ili maji yasiupige, husaidia sana.

Yako mambo mawili ya hatari ambayo watu hufanya kwa hasira ya kuibiwa. La kwanza ni kuunga waya wa umeme katika mlango au dirisha. Waya huo haumjui mwivi. Humwua mtoto aliyekimbilia mpira wake, au jirani aliyekuja kuazima chumvi, na aliyeutega aweza kushtakiwa kwa kuua. La pili ni kufunga madirisha yote kwa vyuma, na mlango kwa kufuli tatu, kisha kuificha mifunguo. Moto ukitokea usiku, ulinzi huo huwa jela. Ufunguo wa ndani uwe na mahali pake pamoja karibu na mlango, mbali na dirisha, na kila mtu wa nyumba apajue hata gizani. Nao wafugao mbwa wawachanje, kwa maana kichaa cha mbwa ni hatari kuliko mwivi.

Taa ni rafiki wa mwenye nyumba. Zile taa za nguzo ndefu zimulikazo mtaa mzima, watu wamezipa jina la "mulika mwizi," na jina hilo lasema yote. Lakini taa humulika tu. Haiwezi kuuliza, "Wewe ni nani, nawe wabeba mali ya nani?" Kuuliza ni kazi ya jirani.

ALIYEIBIWA MARA MOJA HUIBIWA TENA

Jambo hili latakiwa kufahamiwa sana, kwa kuwa watu wengi hudhani kinyume chake. Mtu aliyeibiwa hujiambia, "Wamekwisha chukua vyote, hawatarudi." Katika mji wa Rochdale, Uingereza, kuna mtaa uitwao Kirkholt, ambao katika miaka ya 1980 ulisumbuliwa mno na wavunjaji wa nyumba. Wataalamu walipochunguza waliona kwamba nyumba iliyovunjwa mara moja ilikuwa katika hatari kubwa ya kuvunjwa tena kuliko nyumba nyingine. Sababu yake si ngumu kuelewa. Mwivi amekwisha ijua njia ya kuingilia na ya kutokea. Ameona vitu ambavyo hakuweza kubeba. Tena ajua kwamba mwenyewe atanunua vipya.

Kwa hiyo watu wa Kirkholt hawakujaribu kulinda nyumba zote mara moja. Walianza na zile zilizokwisha ibiwa. Milango na madirisha yake yalitengenezwa. Visanduku vya sarafu vya kulipia umeme na gesi, ambavyo wevi walivivunja kwa sababu ya fedha, viliondolewa. Na majirani wa karibu, yapata nyumba 6 hivi, waliombwa kuitazama nyumba ile na kutoa habari wakiona jambo lisilo la kawaida. Baada ya miaka 3 uvunjaji wa nyumba katika mtaa ule ulikuwa umepungua kwa kiasi cha robo tatu.

Mtu wa Kondele aliyeibiwa na autengeneze mlango siku iyo hiyo, hata ikiwa kwa ubao wa kuazima, nao majirani wamsaidie. Msaada wao si huruma tu. Mwivi apitaye katika dirisha la chumba cha 3 leo, kesho huenda akapanda ukuta mpaka chumba cha 4.

NYUMBA KUMI NA MAANA YAKE

Nchini Tanzania watu walizoea tangu miaka ya 1960 kuwa na viongozi wa nyumba kumi kumi. Kenya ilichukua jina na mpango huo mwaka 2013, na Sheria ya Huduma ya Polisi ya Taifa ya mwaka 2011 ilikuwa imekwisha weka nafasi ya raia na polisi kushirikiana katika usalama. Hesabu ya kumi si amri. Ploti moja, au ploti mbili zitazamanazo, zaweza kuwa kundi moja. Kundi humchagua mtu wanayemwamini, naye hupeleka habari kwa chifu, kwa naibu wake, na kwa polisi. Kondele ina kituo chake cha polisi, na simu za hatari, 999 na 112, huweza kupigwa na mtu ye yote.

Nyumba Kumi si jeshi, wala si mahakama. Mwenyekiti wake hana ruhusa ya kupiga mtu wala kutoza faini, wala kudai fedha za ulinzi kwa nguvu. Kazi yake kubwa ni kuwafanya watu wajuane. Na kujuana huanza kwa jambo lisilo na gharama, nalo ni salamu. Mgeni aingiapo ploti na mama mmoja akamwambia, "Karibu, ndugu yangu, wamtafuta nani?" mgeni mwema hufurahi na kuonyeshwa mlango, na mwivi huondoka akisema kwamba amepotea njia. Mwivi haogopi kitu kama uso wake kutazamwa.

Mapatano machache yatosha. Mpangaji ahamaye atoe habari mapema kwa mtunza ploti, na vyombo visitoke usiku. Wote wawe na namba za simu za wote. Fundi aletwaye na mtu mmoja ajulishwe kwa wengine. Tena wakubaliane juu ya ishara ya hatari. Watu wa ziwani wanayo tangu zamani, nayo ni nduru; aisikiaye hutoka. Lakini wakubaliane pia, kabla ya siku ya shida, ni nani atakayepiga simu kwa polisi wakati wengine watakapotoka, kwa maana nduru isiyo na polisi aghalabu huishia pabaya, kama itakavyoelezwa hapa chini.

VITU VIWE NA ALAMA

Polisi mara nyingine hukamata mtu akiwa na redio, mitungi ya gesi na simu ambazo hawezi kueleza alikozipata. Mwenye mali huja na kusema, "Hii ni yangu." Mtu yule naye husema, "Hapana, ni yangu, naliinunua." Redio zote za namna ile zafanana. Mahakama hufanya nini?

Katika kesi kama hizo mahakama za Kenya hutaka mambo manne yathibitishwe: kwamba kitu kilikutwa kwa mshtakiwa, kwamba kimetambuliwa kwa hakika kuwa ni cha mlalamikaji, kwamba kiliibwa kwa mlalamikaji, na kwamba kiliibwa si zamani sana. Yakithibitishwa hayo, mshtakiwa ndiye hupaswa kueleza alivyokipata, na asipokuwa na maelezo ya kuaminika aweza kuhesabiwa kuwa ndiye mwivi. Kesi nyingi huanguka katika jambo la pili. Mwenye mali hakuweka risiti, wala hakujua namba ya chombo chake, wala hapana alama yo yote.

Dawa yake ni rahisi. Kila mwenye nyumba achukue daftari, aandike jina la kila chombo cha thamani, rangi yake, namba iliyopigwa na kiwanda, na siku aliyokinunua. Risiti zitiwe katika daftari hilo. Kisha achore alama yake kwa msumari mahali pasipoonekana upesi, kama vile chini ya redio au nyuma ya televisheni. Simu ya mkono ina namba yake ya tarakimu 15; mwenye simu akibonyeza *#06# itatokea katika kioo, naye aiandike. Daftari lenyewe, au nakala yake, likae kwa jamaa katika nyumba nyingine, kwa kuwa daftari lililoibwa pamoja na redio halina faida.

Fedha nyingi zisilale chumbani. Tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, hata mwuza mboga aweza kuweka fedha zake mahali ambapo mtaimbo haufiki, mradi aifiche namba yake ya siri. Nazo fedha za chama zisikae chini ya godoro la mweka hazina.

Neno moja kwa wanunuzi. Mtu auziwaye televisheni usiku kando ya njia, kwa robo ya bei yake, bila risiti, ajua moyoni imetoka wapi. Kupokea mali ya wizi, mtu akijua au akiwa na sababu ya kuamini kwamba imeibwa, ni kosa ambalo kifungo chake chaweza kufika miaka 14, yaani kuliko kile cha mvunja nyumba mwenyewe. Kama hapangekuwa na wanunuzi, mwivi angevunja mlango kwa faida gani?

IKIWA WEVI WAMEKWISHA INGIA

Mtu arudiye nyumbani akaukuta mlango umevunjwa asiingie mbio, kwa kuwa huenda mwivi yungali ndani. Awaite majirani na polisi. Akiisha hakikisha kwamba hamna mtu, asifagie wala asipange vitu upya. Katika mji wa London, mwaka 1902, mwivi mmoja aitwaye Harry Jackson aliingia katika nyumba akaiba mipira ya mchezo wa biliadi. Aliacha alama ya dole gumba katika rangi mbichi ya dirisha. Alama hiyo ilimfunga miaka 7, naye alikuwa mtu wa kwanza Uingereza kuhukumiwa kwa uvunjaji wa nyumba kwa ushahidi wa alama za vidole. Kama mwenye nyumba angaliipangusa rangi ile, kesi isingalikuwapo.

Habari ipelekwe kituoni upesi, pamoja na daftari la vyombo. Askari huiandika katika kitabu cha matukio, na mlalamikaji hupewa namba, ile ambayo watu huiita namba ya OB. Namba hiyo itunzwe, kwa kuwa ndiyo njia ya kufuatilia kesi. Kutoa ripoti hakulipiwi.

Watu hulalamika wakisema, "Mwivi tulimkamata Jumatatu, na Jumatano tulimwona barabarani akitucheka." Yafaa jambo hili lielezwe. Katiba ya mwaka 2010 yaamuru kwamba mtu aliyekamatwa apelekwe mahakamani upesi, isizidi saa 24, isipokuwa kama muda huo waishia wakati ambapo mahakama haifanyi kazi. Tena yampa haki ya kuachiliwa kwa dhamana, ila pakiwa na sababu nzito za kumzuia. Dhamana si msamaha. Kesi yaendelea, na mshtakiwa ana siku ya kurudi. Lakini siku hiyo ikifika na mlalamikaji aliyepewa habari asipotokea, sheria yaweza kumfungua mshtakiwa kabisa. Wavunjaji wengine hawakuokolewa na wakili wala na rushwa, bali na mlalamikaji aliyechoka kwenda mahakamani. Majirani walioona na wafuatane naye. Nauli ya siku moja ni ndogo kuliko hasara ya mtaa mzima.

MWIVI ALIYEKAMATWA

Jambo la mwisho ni zito kuliko yote. Nduru ikipigwa usiku watu hutoka na mawe na fimbo, nao hawajui hata kidogo ni nani aliyefanya nini. Hukuta kijana akikimbia. Pengine ndiye mwivi. Pengine ni mtu aliyekuwa akitoka kazini, akakimbia kwa hofu ya watu. Baada ya dakika chache hawezi tena kueleza.

Sheria yampa raia ruhusa ya kumkamata mtu atendaye kosa kama hilo mbele ya macho yake, lakini yamwamuru amtie mkononi mwa polisi bila kukawia. Haimpi ruhusa ya kumpiga mtu aliyekwisha shikwa. Wauao pamoja hushtakiwa pamoja, na aliyetupa jiwe moja hawezi kujitetea kwamba lilikuwa dogo. Huenda mtu aliyeibiwa redio ndiye akaaye gerezani kwa kosa la kuua, na watoto wake ndio wafukuzwao ploti kwa kukosa kodi.

Pia mwivi aliyekufa hasemi. Hawezi kusema ni nani aliyemfungulia lango, ni nani aliyemwambia kwamba chumba ki tupu, wala ni nani anunuaye mali. Watu hao hubaki mtaani, na huenda walikuwamo katika umati ule wakitupa mawe kwa bidii kuliko wote. Kwa hiyo mtu aliyekamatwa aketishwe chini, watu wawili wazima wa ploti wasimame karibu naye, na simu ipigwe. Mzee mmoja asemaye kwa sauti, "Wanangu, huyu ni wa polisi," amewaokoa watu wengi na gereza.

KAZI YA JIONI YA LEO

Mambo mengi yaliyotajwa hapa yataka fedha, na si kila mtu anazo mwezi huu. Lakini yako manne ambayo hayagharimu kitu, nayo yaweza kufanywa kabla ya saa 12 na nusu ya jioni hii. Mwenye chumba aandike namba ya simu yake ya tarakimu 15. Achore alama chini ya redio yake. Aondoe mezani vitu vilivyo karibu na dirisha. Kisha agonge mlango wa jirani ambaye hajapata kumsalimu tangu ahamie, amwambie jina lake, na kumwuliza lake.